Kurudi kwa Watu Baada ya Kujifungia Ndani Muda Mrefu: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaojaribu kurudi kwa watu baada ya kukaa ndani miezi au miaka hushindwa mahali pale pale. Wanapata kadi ya harusi, wanajipa moyo kwamba Jumamosi hiyo ndiyo siku ya kutoka, wanaingia ukumbini peke yao saa tatu usiku. Muziki uko juu, ukumbi umejaa, na kila meza wanayoipita inauliza swali lile lile: "Wewe! Ulipotelea wapi?" Nusu saa haijaisha wanatafuta bodaboda. Kesho yake mlango unafungwa tena, na safari hii unafungwa kwa muda mrefu zaidi.

Tatizo ni mpangilio. Harusi ni hatua ya mwisho, nao wameifanya ya kwanza.

Mwongozo huu nimeupanga kwa mtu wa mjini, hasa Dar es Salaam, aliyejifungia kwa sababu ya ugonjwa, kumuuguza mzazi, kupoteza kazi, au kufanya kazi za mtandaoni chumbani mpaka akazoea kutoonana na mtu. Aliye Tanga, Mombasa au Unguja ataona mengi ni yale yale. Kazi yote huchukua kama wiki nane, ingawa hatua ya tano inaweza kula wiki tatu peke yake. Ikitokea hivyo, usiiharakishe.

## Nani aanzie hospitali kwanza

Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, unalia bila kujua sababu, au mawazo ya kufa yanakujia, usianze na hatua hizi. Anza na daktari. Hospitali nyingi za mikoa Tanzania zina kliniki ya afya ya akili. Dar es Salaam ipo Muhimbili, Dodoma ipo Mirembe, Unguja ipo Kidongo Chekundu. Nairobi ipo Mathari, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure ya msaada wa kisaikolojia, 1199. Mawazo ya kufa yakiwa makali, usisubiri siku ya kliniki. Mwambie mtu wa karibu leo hii, muende pamoja.

Kama ulitengwa kwa sababu ya kifua kikuu au ugonjwa mwingine wa kuambukiza, usikadirie mwenyewe kwamba sasa umeshapona kiasi cha kukaa na watu. Muulize mhudumu wa kliniki unakochukulia dawa. Jibu lake litakusaidia hata baadaye, jirani atakapokuwa na wasiwasi wa kukaa karibu nawe.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari dogo. Simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu ukiishika unaingia mtandaoni na jioni imekwisha.
- Nguo mbili zinazokutosha sasa. Mwili hubadilika ukikaa ndani. Nguo inayobana au kupwaya itakufanya ujifikirie wewe muda wote badala ya kumsikiliza mwenzio.
- Nauli ya kwenda na kurudi, kila unapotoka. Anayetegemea lifti ya mtu hawezi kuondoka anapotaka, na kujua kwamba unaweza kuondoka ndiko kunakokuwezesha kubaki.
- Bahasha chache na fedha kidogo ya pole. Hata shilingi 5,000 kwa kila nyumba inatosha. Zitatumika hatua ya tano.
- Mtu mmoja anayejua unachofanya. Dada, binamu, rafiki wa zamani, yeyote asiye na maneno mengi. Kazi yake ni kupokea simu yako ukirudi nyumbani, na kukusindikiza mara moja au mbili.

Huna mtu huyo? Anza tu. Kwa kawaida hujitokeza kufikia hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Rudisha usingizi na sauti (wiki ya kwanza)

Mtu aliyejifungia hulala saa tisa usiku na kuamka adhuhuri. Akitoka jioni, mtaa umechoka na yeye ndiyo kwanza anaamka. Wiki nzima ya kwanza amka saa kumi na mbili asubuhi hata kama hukulala vizuri, kaa nje au mlangoni kwenye mwanga kama nusu saa, na usilale mchana zaidi ya dakika ishirini. Mwanga wa asubuhi ndio unaoupangia mwili saa ya kusinzia usiku.

Sauti nayo inahitaji mazoezi. Usipozungumza muda mrefu inakuwa ndogo na kavu, na mtu akikwambia "Eeh? Umesemaje?" mara mbili, unatamani kuondoka. Soma kwa sauti dakika kumi kila siku: gazeti, Biblia, Kurani, chochote kilichopo. Soma kana kwamba aliye chumba cha pili anakusikiliza.

Ukifaulu: unasinzia kabla ya saa tano usiku bila kulazimisha, na sauti yako haikatiki katikati ya sentensi.

## Hatua ya 2: Njia moja, saa moja, salamu tu (wiki ya pili)

Chagua njia fupi yenye watu unaoweza kuwaona kila siku: muuza genge, kinyozi, fundi cherehani, mama wa chapati, wazee wa barazani. Pita hapo kila siku saa ile ile. Salimia. Nunua kitu kidogo sehemu moja. Rudi nyumbani. Basi.

Sababu ya kurudia ni hii: unapomkwepa mtu, moyo unatulia papo hapo, na utulivu huo unaufundisha mwili kwamba kukwepa ndiyo dawa. Kesho unakwepa wawili. Unapokaa mahali panapokutisha mpaka hofu ishuke yenyewe, mwili unajifunza kinyume chake. Wataalamu wa afya ya akili hutumia njia hiyo hiyo kutibu hofu za aina nyingi: kidogo kidogo, mara kwa mara, bila kukimbia.

Zingatia mambo haya:

Usivae spika za masikioni. Mtaa unaziona kama mlango uliofungwa.

Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake kabla hajakuangalia vibaya. Mzee aliyeikosa shikamoo yako mwaka mzima anaihesabu.

Usikate salamu. "Habari za asubuhi? Za nyumbani? Watoto wazima?" Maswali haya yana majibu yanayojulikana, na kwako hiyo ni neema kubwa, maana unapata dakika nzima ya kuzungumza na mtu bila kutafuta la kusema. Mtu mwenye haya ana bahati kuzaliwa katika watu wenye salamu ndefu.

Ukimwona mtu wa kukutia hofu kwa mbali, usibadilishe njia. Punguza mwendo, msalimie, pita.

Ukifaulu: siku moja mtu atakusalimia kabla yako, au atauliza mbona jana hukupita. Usiende hatua inayofuata kabla ya hilo kutokea.

## Hatua ya 3: Andaa jibu la "ulipotelea wapi?"

Swali hili ndilo linalowarudisha wengi ndani, ilhali linajibika kwa sentensi moja. Anayeliuliza njiani mara nyingi haombi maelezo. Anakwambia kwamba aliona hupo. Andika majibu yako daftarini, yaseme kwa sauti mpaka yatoke bila kugugumia.

Kwa mtu wa kupita: "Nimepotea kweli, ila nipo. Za kwenu?"

Kwa jirani au mfanyakazi mwenzako wa zamani: "Nilikuwa na mitihani kidogo nyumbani, sasa nashukuru Mungu. Nipe habari zako, yule mdogo ameshaanza shule?"

Kwa ndugu au rafiki wa kweli: "Sikuwa vizuri. Nitakuja kwako tukae nikueleze."

Angalia kwamba jibu la kwanza na la pili yanamalizikia kwa swali. Hilo ndilo linalohamisha mazungumzo kutoka kwako kwenda kwake, na watu wengi wana habari nyingi za kukupa kuliko hamu waliyonayo ya kuzijua zako.

Watasema pia kuhusu mwili: "Umekonda!" au "Umenenepa, maisha mazuri eeh?" Jibu "Ndiyo hivyo" na tabasamu, kisha uliza swali. Usijitetee.

Onyo: usitunge safari. "Nilikuwa Mwanza" itakufuata mpaka kwa mtu mwenye shemeji Mwanza. Usimwage pia hadithi yote kwa mtu mliyekutana kituo cha daladala. Utajuta usiku na utaogopa kumwona tena.

Wala usidhani ni wewe tu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Juni 2025, lilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke. Katika daladala moja iliyojaa, mko kadhaa.

## Hatua ya 4: Orodha ya majina, kisha simu (wiki ya tatu)

Gawa ukurasa wa daftari sehemu tatu. Ya kwanza: watu waliofiwa nawe hukufika. Ya pili: waliojifungua, kuoa, kuugua au kuhama, nawe hukutokea. Ya tatu: watu ambao huna deni nao, mlipotezana tu.

Anza na ya tatu. Piga simu moja kwa siku, jioni, isiyozidi dakika tano. "Nimekukumbuka, nikasema nikusalimie." Hiyo ni sababu tosha. Mwaka 2022 Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha majaribio yaliyohusisha zaidi ya watu 5,900, wakaona kwamba anayemtafuta mtu kumsalimia kwa kawaida hukadiria furaha ya mwenzake kuwa ndogo kuliko ilivyo. Kadiri salamu ilivyokuwa haikutarajiwa, ndivyo mpokeaji alivyofurahi zaidi. Kwa hiyo ule ukimya wako wa muda mrefu, unaouogopa, unaipa simu yako uzito.

Usiandike waraka wa kuomba radhi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la darasa. Hamsini watasoma, watano watajibu kwa alama ya mikono, nawe utakesha ukihesabu waliosoma wakanyamaza. Mmoja mmoja, kwa sauti.

Ukifaulu: angalau watu wawili wamesema "karibu nyumbani" na mmoja umeshampangia siku.

## Hatua ya 5: Pole zilizochelewa (wiki ya nne hadi ya sita)

Hapa ndipo penye kazi, na miongozo mingi inaparuka. Kwetu aliyejifungia anabaki na madeni ya misiba. Mume wa jirani alizikwa, yeye akiwa nyuma ya pazia anasikia maturubai yanafungwa. Tangu siku hiyo anazungukia nyuma ya nyumba asipite mbele ya mjane. Deni hilo usipolilipa, hatua zote nyingine zitakwama, kwa sababu utaendelea kukwepa njia fulani, msikiti fulani, jumuiya fulani.

Pole haina tarehe ya mwisho. Aliyefiwa alizungukwa na watu siku za mwanzo, akajazwa sahani na mikeka, halafu wakaondoka wote. Anayekuja baada ya miezi minane anamkuta akiwa na nafasi ya kuzungumza, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza habari za marehemu tangu arobaini.

Fanya hivi.

Nenda jioni, saa kumi hadi kumi na moja na nusu. Kazi za mchana zimepungua, chakula cha usiku hakijapikwa, na magharibi inakupa sababu ya heshima ya kuaga.

Usiende mikono mitupu. Kilo mbili za sukari, sabuni, au bahasha. Kama huna kabisa, nenda hivyo hivyo. Mikono mitupu ni bora kuliko kuendelea kukwepa.

Piga hodi, vua viatu, kaa unapooneshwa. Maliza salamu zote kwanza. Kisha sema neno lako moja kwa moja, fupi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea!"

"Nimepotea mama, nisamehe. Nimekuja kukupa pole ya mzee. Nilipaswa kufika siku ile, sikufika."

Ishie hapo. Sababu zako zina nafasi yake ikiwa ataziuliza. Ukianza nazo, unamgeuza aliyefiwa kuwa mtu wa kukufariji wewe, na hapo pole imeharibika.

Muulize habari za marehemu, kisha nyamaza. "Aliugua muda mrefu?" inatosha. Kama hataki kutaja ugonjwa, usichimbe. Akilia, usimwambie anyamaze. Nyumba ya Waislamu, omba mumsomee marehemu Fatiha au dua. Nyumba ya Wakristo, uliza kama mnaweza kusali pamoja kabla hujatoka. Bahasha mpe wakati wa kumshika mkono ukiaga, bila kutangaza.

Usikae zaidi ya saa moja, isipokuwa yeye mwenyewe akuzuie.

Akikulaumu? Wengine watakulaumu, tena kwa ukali: "Mume wangu alikubeba ukiwa mtoto, wewe hukuvuka hata barabara." Jibu: "Una haki, mama. Nilikukosea." Kaa. Usinyanyuke kwa hasira wala kwa aibu. Lawama inatoka kwa mtu ambaye bado anakuhesabu kuwa wake; aliyekufuta angekukaribisha kwa upole wa mgeni. Katika nyumba nyingi, baada ya lawama huja chai. Inywe hata kama hukutaka.

Baada ya misiba, nenda kwenye sehemu ya pili ya orodha. Kumwona mzazi na mtoto aliyeshaanza kutembea bado ni kumwona mtoto. Chukua sabuni au nguo ya umri alionao sasa. Ahadi ya mchango wa harusi uliyoiacha hewani, mpelekee mwenye shughuli sehemu yake na umwambie iliyobaki utaleta lini, au kwamba huwezi. Watu husamehe asiyekuwa nacho upesi kuliko aliyenyamaza.

Nyumba mbili kwa wiki zinatosha. Kila ukirudi, mpigie yule mtu wako mmoja, umweleze ilivyokuwa.

Ukifaulu: njia zote za mtaani kwako zinapitika. Utajua pia kwa jambo moja dogo: nyumba uliyoitembelea inakutaarifu inapopata shughuli nyingine.

## Hatua ya 6: Pata mahali pa kila wiki (wiki ya sita na kuendelea)

Ziara zinalipa madeni, lakini urafiki unatengenezwa na kukaa pamoja mara nyingi. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 makadirio yake: kama saa 50 za kuwa pamoja kutoka kujuana tu hadi urafiki wa kawaida, saa 90 hadi urafiki kamili, zaidi ya 200 hadi urafiki wa karibu. Kwa saa mbili kila wiki, 50 za mwanzo ni karibu nusu mwaka. Kwa hiyo usikate tamaa mwezi wa kwanza ukiona bado unakaa pembeni.

Chagua mahali pamoja penye sifa tatu: pako karibu kwa miguu, panakutana siku inayojulikana, na pana jambo la kufanya. Kikoba, jumuiya, kwaya, darsa, kikundi cha kukimbia Jumapili asubuhi, bao, kijiwe cha kahawa. Napendelea zaidi mahali penye kazi za mikono, kwa sababu mtu mwenye birika mkononi au anayepanga viti haulizwi mbona umenyamaza. Jitolee kazi ndogo siku ya kwanza.

Kijiweni, sikiliza kwanza kwa siku kadhaa. Simba na Yanga ni mlango mzuri hata kwa asiyefuatilia mpira: uliza nani alicheza vizuri, utapata majibu ya saa nzima. Simu iache mfukoni. Hasara ya kuitoa ni kwamba mazungumzo yanakuruka, na kuyarudia ni vigumu kuliko kubaki nayo.

Onyo: usijiunge na vikundi vitatu kwa pamoja kwa furaha ya kutoka. Utachoka, utakosa vyote, na mweka hazina wa kikoba atakuwa wa kwanza kuliona.

## Hatua ya 7: Shughuli kubwa

Sasa harusi. Ingia kwa mlango wa nyuma: nenda siku moja kabla, ukamenye vitunguu, uchambue mchele, ubebe viti au ufunge maturubai. Wote watakaokuuliza ulipotelea wapi watakuuliza huko, mikono ikiwa na kazi, na ukumbini utafika ukiwa mmoja wa wenyeji.

Siku yenyewe fika mapema, kabla muziki haujapanda. Kaa karibu na ukingo wa ukumbi, mbali na spika, pamoja na mtu mmoja unayemjua. Amua kabla hujatoka nyumbani kwamba utaondoka baada ya chakula, na uage wenye shughuli. Anayetoroka bila kuaga huanza kukwepa upya wiki inayofuata.

Moyo ukianza kwenda mbio, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara kumi. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza mapigo ya moyo. Ikishindikana toka nje dakika tano, unywe maji, halafu rudi ndani, hata kwa dakika chache, kisha ndiyo uage. Ukiondoka hofu ikiwa kileleni, hofu ndiyo inayoshinda.

Siku inayofuata usipange kitu. Kuchoka baada ya watu wengi ni kawaida.

Ukifaulu: unalala umechoka, na keshokutwa unapita njia yako ya hatua ya pili kama kawaida.

## Ukiteleza

Wiki itakuja utajifungia tena. Malaria, mvua, huzuni. Rudi hatua moja nyuma ya ulipoishia, usianze upya kutoka mwanzo. Kama ulikuwa hatua ya sita, fanya ziara moja, kisha nenda kikobani. Waambie tu, "Wiki iliyopita sikuweza."

## Kwa wanaoishi na aliyejifungia

Msimtangazie. "Jamani, leo katoka!" mbele ya majirani inaweza kumrudisha chumbani. Msimletee wageni wa kushtukiza kwa nia njema ya kumchangamsha. Mgeni akitaka kuja, mwambieni aliyejifungia siku moja kabla mgeni huyo ni nani, na ataondoka saa ngapi. Na akirudi kutoka kwenye pole, muacheni ale kwanza, mtamuuliza baadaye.